Joto la kisu cha kukerezea laweza kusimamisha kinu cha pamba

MSIMU wa pamba unapoanza Kwimba, Magu na Misungwi, karakana za kukereza vyuma jijini Mwanza nazo huingia msimu wake. Huletwa shafti za vinu vya kuchambua pamba, za pampu za viwanda vya samaki na za boti, zote zimelika, na kila mwenye mali anaitaka yake siku hiyo hiyo.

Haraka hiyo ndiyo huzaa hasara. Kisu cha mashine hupata joto kinapokata, na chuma kikipata joto hurefuka. Kisu kilichochomoza milimita 40, kikipanda joto kwa nyuzi 50, hurefuka takriban milimita 0.024. Kwa kuwa shafti inazunguka, kisu huila pande zote, hivyo kipenyo hupungua mara mbili yake, yaani milimita 0.048. Fundi anayefuata namba za gurudumu la mashine pekee hawezi kuliona kosa hilo.

Kosa la pili ni kupima shafti ingali moto. Shafti ya kipenyo cha milimita 100, iliyopanda joto kwa nyuzi 30, huonekana nene kwa milimita 0.036. Ikipoa, unene huo hutoweka.

Ni kiasi kidogo kuliko unywele, lakini mahali pa kukalia beringi mara nyingi huruhusu tofauti ya milimita 0.02 hivi tu. Beringi iliyolegea huteleza juu ya shafti, hupata moto na kuharibika. Kinu kikisimama, maghala hujaa, ununuzi vijijini hupungua kasi, na mkulima husubiri fedha zake.

Kinga yake si ghali. Kisu kinolewe vizuri na maji ya kupozea yatiririke muda wote. Shafti ikerezwe kwanza kwa kubakiza kidogo, iachwe ipoe, kisha ipitishwe mkato wa mwisho mwembamba.

Tangu mwaka 1931, vipimo vya kimataifa vya urefu huhesabiwa katika nyuzi 20 za Selsiasi. Karakana ya bati ya Mwanza hupita hapo mchana, lakini haihitaji kiyoyozi. Shafti, beringi na mikrometa, vyote vikiwa vya chuma, vikikaa kivuli kimoja hadi vilingane joto, hutanuka karibu sawa.

Mwenye kinu naye ana wajibu: alete shafti kabla ya msimu. Saa moja ya kusubiri ipoe ni nafuu kuliko siku nzima ya kinu kusimama.