Kumlilia Mtu Usiyemjua

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima

Leo tutazungumza habari ya jambo ambalo kila mmoja wetu amepata kuliona, na pengine limempata mwenyewe. Mtu mashuhuri amekufa: mwimbaji, mchezaji wa sinema, mcheza mpira, au mtu wa ukoo wa kifalme. Habari inatangazwa, na punde watu wanalia. Wanalia watu ambao hawakupata kumpa marehemu mkono, wala kula naye, wala kuujua mlango wa nyumba yake. Hapo hutokea mzee mmoja akauliza, "Watu hawa wana nini? Jirani yao alikufa juzi, mbona hawakumlilia hivi?"

Swali la mzee huyo si la kupuuzwa. Ndilo swali la somo letu. Je, huzuni hiyo ni ya kweli, au ni mchezo tu? Na kama ni ya kweli, yatupasa tuifanyie nini?

Msiba wa mtaani una kazi

Tuanze na msiba tunaoujua. Mtu akifa mtaani, kila aliye karibu hupata kazi. Mmoja hupeleka habari kwa jamaa walio mbali. Wengine huchimba kaburi. Wako wanaonunua sanda, wanaoteka maji, wanaopasua kuni, wanaopika, wanaotandika mikeka. Mtu mmoja mwaminifu hukaa na daftari akiandika rambirambi. Na huku pwani, jeneza likitoka, wanaume hupokezana njiani, kila mmoja akitaka zamu yake ya kutia bega, hata kama ni kwa hatua chache.

Tena, mwenye msiba anajulikana. Yuko pale, amekaa. Ukifika unajua umpe nani pole, na unajua maneno ya kusema. Matanga yana siku zake, na siku hizo zikiisha watu huondoka wakarudi makazini.

Mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Émile Durkheim, aliandika mwaka 1912 kwamba maombolezo si machozi ya mtu mmoja mmoja tu yanayojitokea yenyewe. Ni wajibu ambao jamii humpa kila mtu wake. Sisi twaweza kuyaeleza hayo kwa maneno ya nyumbani: huzuni ni kama maji, na desturi ya msiba ndiyo mtungi wake. Pasipo mtungi, maji humwagika ovyo.

Kumbukeni maneno hayo, kwani tutayahitaji mbele.

Sauti iliyoingia nyumbani

Sasa twende Misri. Huko alikuwako mwimbaji aliyeitwa Umm Kulthum. Alizaliwa kijijini, katika nchi ya mashamba pale Mto Naili unapogawanyika kabla ya kuingia baharini. Baba yake alikuwa imamu wa msikiti. Redio ya serikali ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934, sauti yake ilikuwa miongoni mwa sauti za kwanza kusikika. Kisha ikawa desturi kwa miaka mingi: Alhamisi ya kwanza ya mwezi, katika msimu wa maonyesho, Umm Kulthum huimba Kairo na redio humtangaza hapo hapo. Wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima. Watu wa Misri na wa nchi nyingi za Kiarabu walikaa majumbani na katika mikahawa, wakasikiliza pamoja. Hata sisi Waswahili hatuko mbali na habari hiyo, maana taarabu ya Unguja ina mizizi yake Misri, na zamani iliimbwa kwa Kiarabu.

Haya, mwangalieni msikilizaji mmoja wa siku zile. Amemsikia Umm Kulthum tangu utotoni. Sauti ile ilikuwapo alipooa, ilikuwapo mtoto wake alipozaliwa, ilikuwapo baba yake alipokufa. Ndugu yake wa tumbo moja aliyehamia mji mwingine hakumtembelea mara nyingi namna hiyo. Je, mtu huyo na mwimbaji walijuana? Mwimbaji hakumjua. Lakini yeye alimjua mwimbaji.

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, walieleza jambo hili. Walisema kwamba redio, sinema na televisheni humfanya msikilizaji aone kama yuko uso kwa uso na anayesema. Hujenga ukaribu, lakini ni ukaribu wa mbali, nao unakwenda upande mmoja tu. Siku hizi simu ya mkononi imeuzidisha ukaribu huo. Tunamwona mtu mashuhuri akila, akicheka, akibembeleza mtoto wake. Basi akifa, kilichokatika ni kitu kilichokuwapo kweli. Ni sehemu ya maisha ya msikilizaji mwenyewe. Anamlilia marehemu, na pamoja naye analilia miaka aliyokwenda nayo sauti ile.

Kwa hiyo jibu la swali letu la kwanza ni hili: huzuni hiyo ni ya kweli. Kinachokosekana ni mtungi wa kuitia. Mtu ana majonzi, lakini hana kaburi la kuchimba, hana maji ya kuteka, hana mkeka wa kukalia. Na hapo ndipo mambo ya ajabu huanza.

Jeneza lililochukuliwa njiani

Umm Kulthum alikufa tarehe 3 Februari 1975. Maziko yalifanywa tarehe 5. Serikali ilipanga kila kitu: msafara rasmi, wakubwa wa nchi, wageni wa heshima. Barabara za Kairo zilijaa watu wasiohesabika. Kisha watu wakafanya jambo ambalo halikuwamo katika mpango. Walilichukua jeneza kutoka mabegani mwa wale waliowekwa kulibeba, wakalibeba wenyewe, wakapokezana, bega kwa bega, kwa muda wa saa kadhaa katika njia za mji. Walilipeleka mpaka msikiti wa Sayyidna Husein. Huko sheikh wa msikiti aliwasalia tena, kisha akawasihi wampeleke moja kwa moja kaburini. Aliwakumbusha kwamba marehemu alikuwa mtu wa dini, na dini yataka maiti azikwe upesi. Nao wakakubali.

Labda mtu atasema hiyo ilikuwa fujo. Lakini tuitazame vizuri. Watu wale walitaka nini? Walitaka zamu ya kutia bega. Walitaka kazi ile ile ambayo kila jirani huipata katika maziko ya jirani yake. Na walimtii nani? Walimtii mtu aliyewakumbusha desturi wanayoijua.

Hapa sasa twaweza kumjibu mzee wetu. Jirani alipokufa, watu walikuwa na kazi mikononi, na mapenzi yao yalionekana katika kazi. Mtu mashuhuri alipokufa, hawakupewa kazi yoyote. Yalibaki machozi peke yake, na ndiyo maana yalionekana mengi.

Msiba ni wa nani?

Tuangalie mfano wa pili. Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, alikufa katika ajali ya gari huko Paris tarehe 31 Agosti 1997. Waingereza husifiwa kwa kuficha huzuni. Safari hii walipanga foleni kwa saa nyingi ili watie sahihi katika vitabu vya rambirambi, na waliweka maua mbele ya majumba ya kifalme mpaka yakatanda kama shamba. Kitabu cha rambirambi na ua la kuweka chini, hizo nazo ni kazi. Watu walikuwa wamejitafutia mtungi.

Lakini palizuka manung'uniko. Malkia Elizabeth alikuwa Scotland pamoja na wajukuu wake, watoto wa marehemu. Watu wakauliza: mbona hayupo? Mbona bendera haijashushwa nusu mlingoti katika jumba lake la London? Magazeti yakapaza sauti. Tarehe 5 Septemba Malkia alikuwa amerudi London, akasema na taifa kwa televisheni. Kesho yake, siku ya maziko, bendera ilipepea nusu mlingoti.

Sisi tuliozoea matanga hatushindwi kulielewa hilo. Watu walikuwa wamefika msibani, wakamkosa mwenye msiba wa kumpa pole.

Hata hivyo, hapa pana onyo kubwa. Siku ya maziko wana wawili wa marehemu walitembea nyuma ya jeneza la mama yao mbele ya macho ya dunia nzima. Mkubwa alikuwa na miaka 15, mdogo miaka 12. Yule mdogo, Harry, alipokuwa mtu mzima alisema mwaka 2017 kwamba mtoto hapaswi kutakiwa kufanya jambo kama lile. Basi tujiulize: msiba ulikuwa wa nani? Umma ulikuwa na huzuni ya kweli, lakini mama aliyekufa alikuwa mama wa watoto wale wawili. Huzuni yetu isigeuke kuwa mzigo juu ya kichwa cha mfiwa. Yeye hafiwi na sauti. Amefiwa na mtu.

Kilio cha wengi

Mfano wa tatu ni wa nyumbani. Steven Kanumba, mchezaji wa filamu wa Tanzania, alikufa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Filamu zake zilikuwa zikitazamwa majumbani na katika vibanda vya video, Tanzania na nchi jirani. Umati wa watu ulifika nyumbani kwake Sinza, na tarehe 10 Aprili maelfu walijaa katika viwanja vya Leaders kumwaga kabla hajazikwa makaburi ya Kinondoni. Wengine walizimia.

Kwa nini mtu azimie kwa ajili ya mchezaji wa filamu? Wahenga walisema, "Mwenye kovu usidhani kapoa." Msiba mpya huamsha msiba wa zamani. Katika umati kama ule yumo mama aliyefiwa na mwanawe akajikaza kwa sababu alikuwa na wageni wa kuwalisha. Yumo kijana aliyefiwa na kaka yake akaambiwa mwanamume halii. Sasa wamepata mahali ambapo kila mtu analia, na hakuna atakayewauliza sababu. Kwa hiyo tusiwacheke. Hatujui wanamlilia nani.

Husemwa pia, "Kifo cha wengi harusi." Wakiwa pamoja, watu hupeana nguvu. Lakini wingi huo huo ni hatari. Machi 2021, wakati wa kumwaga Rais John Magufuli katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa kwa msongamano, na watoto walikuwamo miongoni mwao. Walitoka nyumbani kwenda kumlilia mtu mmoja, na jioni nyumba zao wenyewe zikawa na matanga.

Yatupasa tufanye nini?

Kwanza, tusimdhihaki anayelia. Tumpe pole kama mfiwa mwingine, maana amepotewa na kitu chake.

Pili, tusitangaze kifo kabla hakijathibitishwa. Watu mashuhuri wengi wamezushiwa kifo wakiwa hai. Na habari ikiwa ya kweli, jamaa wa marehemu wana haki ya kuipata kabla yetu. Wala tusipitishe picha za maiti katika simu. Maiti hana wa kumfunika isipokuwa sisi.

Tatu, tusiwapeleke watoto wadogo wala wagonjwa penye msongamano. Kumpa mtu heshima hakuhitaji kumwona usoni.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuipe huzuni yetu kazi. Kama marehemu alikuwa mwimbaji, tukae jioni moja tusikilize nyimbo zake, na tuwaeleze watoto zilikuwa na maana gani. Kama alikuwa mcheza mpira, tuwanunulie vijana wa mtaa mpira. Mwenye dini na amwombee. Mwenye uwezo na atoe sadaka. Na huzuni ikimkaa mtu miezi na miezi, akakosa usingizi, akaacha kazi na chakula, au akaanza kusema hataki kuishi, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali akaonane na mganga, kwa kuwa hapo kovu la zamani limefunguka.

Tano, tukimaliza kumlilia aliye mbali, tumkumbuke aliye karibu. Machozi ya kumlilia mtu mashuhuri hayatugharimu kuni wala maji. Ya jirani yanatugharimu, na huyo jirani hatatangazwa redioni. Akikosa sisi, amekosa watu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja mtu mashuhuri ambaye kifo chake kilikuhuzunisha. Alikuwa ameingia nyumbani kwako kwa njia gani?

2. Katika msiba wa mtaani kwenu, ni kazi zipi hupewa wageni? Kazi hizo huwasaidiaje wao wenyewe?

3. Je, umma una haki ya kumtaka mfiwa ajitokeze mbele ya watu? Haki hiyo inaishia wapi?

4. Kikundi chenu kingeweza kufanya nini ili kumkumbuka mtu mashuhuri, bila fujo na bila gharama kubwa?