Pampu ikijiwasha yenyewe, kagua pini kabla ya kununua bodi

SIMTANKI limejaa, maji yanamwagika chini, na pampu bado inanguruma. Kesho yake tanki ni tupu, pampu imegoma na miche inanyauka. Mkulima anayetumia bodi ndogo ya Arduino kuendesha umwagiliaji huilaumu bodi, na muuza vifaa hasiti kumuuzia nyingine. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure.

Tatizo huwa kwenye pini inayopokea taarifa kutoka swichi ya boya. Swichi ikiachia, pini hubaki haijashikwa na kitu. Wengi hudhani bodi itasoma sifuri. Sivyo. Katika Arduino Uno ya volti 5, chini ya volti 1.5 husomwa sifuri na juu ya volti 3 husomwa moja. Pini iliyoachwa hewani huyumbayumba. Mkono ukipita karibu au mota ikiwaka, jibu hubadilika.

Dawa ni rezista ya kilo-omu 10, ambayo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na pampu, ifungwe kati ya pini na volti 5. Mguu mmoja wa swichi uende kwenye pini, mwingine kwenye GND. Uno pia ina rezista zake za ndani, za kilo-omu 20 hadi 50, zinazoamshwa kwa kuandika INPUT_PULLUP katika programu. Hapo maana hugeuka: swichi ikishika husomwa sifuri, ikiachia husomwa moja. Anayesahau kurekebisha programu ndiye pampu yake huwaka tanki likiwa limejaa.

Kwa waya mrefu wa kutoka shambani, rezista ya ndani ni dhaifu. Afadhali kuongeza ya nje na kuutenga waya huo na nyaya za mota.

Kabla ya kununua chochote, chomoa swichi, kisha gusisha pini na GND kwa kipande cha waya. Ikisoma sifuri, na moja ukiondoa, bodi ni nzima; kagua swichi na nyaya zake. Pini 13 iachwe, kwa kuwa katika baadhi ya bodi taa yake huvuruga rezista ya ndani.

Aidha, swichi ichaguliwe ya kushika maji yakipungua na kuachia tanki likijaa. Panya wakikata waya, bodi itasoma moja na pampu itazimika.