Unga wa Chuma na Sumaku Laini: Sifa za Chembe katika Kiini cha Mota

Msomaji wa lugha anapokutana na istilahi 'sumaku laini' kwa mara ya kwanza, huenda akawazia kitu kinachofinyangika mithili ya udongo. Sivyo. Ulaini unaokusudiwa katika fizikia hauhusu mguso bali tabia: sumaku laini hupokea usumaku kwa wepesi na kuuachia kwa wepesi, ilhali sumaku ngumu huung'ang'ania. Chuma safi ni laini kwa maana hiyo. Makala haya yanafafanua jinsi chuma hicho, kikiwa katika hali ya unga, kinavyoundiwa kiini cha mota ya umeme, na jinsi sifa za unga wenyewe zinavyoamua ubora wa kiini.

Tangu karne ya 19, viini vya mota vimekuwa vikiundwa kwa mabamba membamba ya chuma yaliyotenganishwa kwa kihami. Sababu ni kwamba uga sumaku unaobadilika huzua ndani ya chuma mikondo ya umeme inayojizungusha papo hapo, kama maji nyuma ya jiwe mtoni. Mikondo hiyo haina faida. Hupasha chuma joto tu. Mabamba huikatiza, lakini nayo hupitisha usumaku vyema katika ubapa wake pekee. Unga huondoa kizuizi hicho. Kila chembe huvikwa utando wa kihami, aghalabu wa fosfati, kisha unga hushindiliwa kalibuni kwa shinikizo la takriban megapaskali 600 hadi 800. Kiini kipatikanacho hupitisha usumaku pande zote. Kampuni ya YASA ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2009 kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na kununuliwa na Mercedes-Benz mwaka 2021, ilitumia viini vya aina hii katika mota zake bapa.

Ukubwa wa chembe ndio wenye mvutano mkubwa zaidi. Hasara itokanayo na mikondo ya ndani ya chembe huongezeka kwa mraba wa kipenyo: kipenyo kikiongezeka maradufu, hasara hiyo huwa mara nne. Je, si heri basi chembe ziwe ndogo kabisa? La. Chembe ndogo zina nyuso nyingi, hivyo tando nyingi na mianya mingi, na usumaku hukwama kidogo katika kila mwanya. Aidha, hasara ya pili, iitwayo histeresisi, yaani nishati inayopotea kila usumaku unapogeuzwa mwelekeo, huelekea kupanda chembe zinapopungua. Kwa hiyo mota ya masafa ya chini hufaidi chembe kubwa, zipatazo mikroni 100 na zaidi. Masafa yakipanda, chembe ndogo hupata nafasi.

Umbo nalo lina neno. Jina 'unga' humkumbusha Mswahili kinu na jiwe la kusagia, lakini unga huu kwa kawaida hausagwi: chuma kilichoyeyuka humiminwa na kutawanywa kwa maji au gesi yenye nguvu. Maji huzaa chembe zenye pembe na vijikono, ambazo hushikana vizuri zinaposhindiliwa, ila ncha zake huweza kutoboa utando wa jirani. Gesi huzaa chembe za mviringo. Hizi huvikwa utando kwa usawa, lakini hazishikani. Kiini chake humeguka kwa urahisi.

Usafi hauhitaji maneno mengi. Kaboni, oksijeni, nitrojeni na salfa, hata kwa kiasi kidogo, huzuia usumaku kugeuka kwa wepesi.

Linalowasumbua zaidi wahandisi ni joto. Kushindilia huvuruga fuwele za chuma, na dawa yake ni kukipasha kiini joto. Kuziponya fuwele kikamilifu kungehitaji nyuzi 700 za Selsiasi au zaidi, ilhali utando wa fosfati huanza kuharibika joto linapopita takriban nyuzi 500. Tanuri hulazimika kuzimwa kabla ya tiba kukamilika. Ndiyo maana uwezo wa viini vya unga kupitisha usumaku huhesabiwa kwa mamia, na wa mabamba kwa maelfu, na mota nyingi za kawaida zingali zinaundwa kwa mabamba.