Kwa Nini Pasta Anaoa na Padre Haoi?



Hapa Magwagwa kikundi kimoja kina watu wa makanisa mengi. Kwa hivyo swali hili halikosi: "Pasta wa Wasabato ana mke, padre wa Katoliki hana. Nani anafuata Biblia?" Likiulizwa kwa hasira linaweza kuvunja kikundi. Basi tuangalie mambo yalivyotokea.

MWANZONI
Petro alikuwa na mke. Marko 1:30 inataja mama mkwe wake. Paulo naye aliishi bila mke (1 Wakorintho 7:8). Na 1 Timotheo 3 inataka askofu awe na mke mmoja tu, na asimamie nyumba yake vizuri. Jambo hili wazee wetu wa Gusii wanalielewa upesi, maana mtu asiye na boma hakuitwa omogaaka.

SHERIA ZILIKUJA POLEPOLE
Karibu mwaka 305, maaskofu waliokutana Elvira, Hispania, waliwaambia maaskofu, mapadre na mashemasi wenye wake wasilale nao tena. Mwaka 325 mkutano wa Nikea haukukataza ndoa. Ulikataza tu kukaa na mwanamke nyumbani, isipokuwa mama, dada, shangazi au mtu asiyeweza kushukiwa.

Halafu njia zikaachana. Mwaka 692 kanisa la Mashariki lilikata shauri: padre aoe kabla ya kupewa upadre, si baadaye, na askofu asikae na mke. Waothodoksi hapa Kenya wanafuata hivyo mpaka leo. Kanisa la Magharibi, mwaka 1139, lilisema ndoa ya padre si ndoa kabisa. Mwaka 1525 Martin Luther, aliyekuwa mtawa, alioa, na makanisa ya Kiprotestanti yakafuata njia hiyo.

Kwa hivyo hakuna aliyetupa Biblia. Hata Wakatoliki wenyewe wanasema hii ni sheria ya kanisa, si amri ya imani. Wakatoliki wa Mashariki wanao mapadre wenye wake.

MALI NAYO ILIKUWEMO
Hapa tufungue masikio. Wengi walitaka padre awe wa Mungu peke yake. Lakini pia kulikuwa na shida ya urithi. Mwaka 528 Mfalme Justiniani alikataza mtu mwenye watoto kufanywa askofu, aliogopa mali ya kanisa itaishia kwa jamaa zake. Mwaka 1022, huko Pavia, Italia, iliamuliwa kwamba watoto wa makasisi wasirithi mali ya kanisa.

Je, sisi? Ng'ombe wa kikundi analala kwa mwenyekiti. Viti na hema viko kwa mweka hazina. Mmoja wao akifariki, watoto wake watasema, "Hivi ni vya baba." Hawasemi uongo kwa ubaya, ndivyo walivyoona tangu utotoni. Na wanachama watashuhudia kwa maandishi gani?

Sisi hatuwezi kuwakataza viongozi wetu kuoa! Dawa yetu ni daftari. Andikisheni kikundi, akaunti iwe kwa jina la kikundi na sahihi za watu watatu. Kila kifaa kiandikwe, na familia ya anayekitunza ijue na itie sahihi.

MASWALI YA KUJADILI
1. Mali ya kikundi chetu iko kwa nani leo?
2. Mke wake, au mume wake, na watoto wanajua ni ya nani?
3. Tutaandika lini?