Kontua za Ramani Yetu Mpya

Tangu ramani iliyotengenezwa na Chama chetu cha Jiografia itundikwe maktabani, wanafunzi wengi wameniuliza swali moja: kwa nini tumechora kontua chache hivi, na hali kompyuta yaweza kuchora nyingi kama mtu apendavyo? Swali hili ni la haki, tena linahusu maji ya shule, kama nitakavyoeleza.

Kila aliyefika Kidato cha Pili ajua kwamba kontua ni mstari unaounganisha mahali pote penye kimo kimoja juu ya usawa wa bahari. Programu tuliyotumia huitwa QGIS. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, nayo hupatikana bure. Wewe huipa faili la vimo, nayo hutafuta mstari upite wapi. Kazi inayobaki kwa mchoraji ni kuchagua mwachano, yaani tofauti ya kimo kati ya mstari mmoja na ule unaoufuata. Ukifungua sifa za tabaka la vimo na kuchagua mtindo wa kontua, utakuta programu imekwisha kukuwekea mita 100, na mistari minene kila mita 500. Wengi huacha hivyo hivyo.

Sasa tazama nchi yetu hii ya Usambara. Mombo, iliyo uwandani, ina kimo cha karibu mita 400, na Lushoto, iliyo mlimani, karibu mita 1,400. Mwachano wa mita 100 wafaa kwenye ukuta wa mlima, lakini uwandani hauonyeshi kitu. Hesabu yake ni rahisi. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, milimita moja ni mita 50. Mahali ambapo nchi hupanda mita 1 kwa kila mita 100, mistari hiyo itaachana kilomita 10, ambazo ni sentimita 20 za karatasi, na msomaji atadhani nchi ni sawa kama meza. Ukipunguza mwachano hadi mita 10, uwanda utaonekana vizuri. Lakini mlimani, penye mteremko wa digrii 45, mistari itakaribiana hadi sehemu ya tano ya milimita. Huo ndio unene wa mstari wenyewe! Hapo hubaki doa tu, kama wino uliomwagika.

Sisi tulichagua mita 20, na mistari minene kila mita 100. Ile miembamba tuliipa rangi ya udongo iliyofifia ili isifunike njia na vijito. Tena kwenye kompyuta tuliagiza isionekane mtu anapotazama wilaya nzima, bali itokee anapoikaribia. Kipo pia kipimo cha kurahisisha: ukikiongeza, kazi huenda upesi, lakini mikunjo midogo ya vijito hupotea. Kwa kompyuta zetu, ambazo zastahili heshima ya wazee, kipimo hicho ni cha lazima wakati wa kujaribu. Wakati wa kupiga chapa hapana budi kukirudisha chini.

Ndipo ulipozuka ubishi. Baadhi ya wanachama walitaka mistari ya mita 2, kwa sababu ramani ilikuwa ioneshe kama maji ya chemchemi iliyo ndani ya miti yaweza kuteremka yenyewe hadi kwenye tangi karibu na mabweni, mwendo wa mita 400. Programu haikukataa. Ilichora mistari minne mizuri kati ya chemchemi na tangi, na kila mtu akasoma mteremko wa mita 8.

Lakini yafaa kuuliza vimo vile vilitoka wapi. Mwezi Februari mwaka 2000 chombo cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11, kikiipiga nchi kwa mawimbi ya rada na kuyapokea kwa antena mbili, moja ikiwa kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60. Matokeo yake ni kimo kimoja tu kwa kila kipande cha nchi cha karibu mita 30 kwa 30. Nasi Afrika tulifunguliwa vipimo hivyo mwaka 2014, kwani kabla yake tulipewa vya mita 90. Ilikusudiwa kwamba, katika sehemu 9 za kila 10, kosa la kimo lisizidi mita 16. Kati ya mahali pawili palipo jirani kosa huwa dogo zaidi, lakini bado laweza kuwa la mita kadhaa. Zaidi ya hayo, rada ile haikupenya vema majani ya msitu, basi penye miti mirefu kimo kilichoandikwa ni cha juu ya ardhi yenyewe. Na chemchemi yetu, kama nilivyosema, imo mitini.

Kwa hiyo tulipima kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, kama mafundi wajenzi wafanyavyo, hatua kwa hatua tangu chemchemi hadi kwenye tangi. Kazi ilichukua Jumamosi nzima na kuchafua sare nyingi. Tulipata mteremko wa mita 3 na nusu. Maji yatateremka, ila polepole, na bomba la inchi 1 lililokuwa likifikiriwa lingeleta maji machache mno kwa mabweni yote. Mwalimu wetu amepeleka hesabu ya bomba la inchi 2 kwa kamati ya maji, nayo imekubali.

Mfereji utachimbwa masika yatakapokwisha. Mistari ya mita 2 tumeifuta katika ramani, na vipimo vya mpira vimeandikwa katika daftari la Chama kwa yeyote atakaye kuvisoma.