Mlinzi Anapomkamata Asiye Mwizi

Wengi wetu tunajua uchungu wa kupekuliwa langoni wakati wa kutoka kazini. Mchuma chai naye anajua uchungu wa majani yake kukataliwa mizanini bila kuelezwa sababu. Wako wenzetu wanaotunga programu za kompyuta, nao hupatwa na uchungu huo huo. Anayewakataa si nyapara wala karani, bali ni programu nyingine, ile ya kukinga virusi.

Kirusi cha kompyuta ni programu iliyotungwa ili kuiba au kuharibu. Makampuni ya ulinzi huweka orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, na mlinzi hulinganisha kila faili na orodha hiyo. Kwa kuwa virusi vipya hutokea kila siku, mlinzi amefundishwa pia kukisia. Faili likifanana na la mwizi, au likiwa geni machoni pake, hulifungia au hulifuta. Hapo ndipo asiye na hatia hukamatwa.

Hata wakubwa wamekwisha kupatwa. Mwezi Mei 2007 ulinzi wa Symantec uliyaita virusi mafaili mawili halali ya Windows ya Kichina, na kompyuta nyingi nchini China zikashindwa kuwaka. Tarehe 21 Aprili 2010 ulinzi wa McAfee ulilikamata faili la lazima la Windows XP. Huko Australia baadhi ya maduka ya Coles yalifungwa, na katika jimbo la Rhode Island, Marekani, hospitali ziliahirisha baadhi ya upasuaji. Mwezi Septemba 2012 ulinzi wa Sophos ulijishitaki wenyewe: uliita kirusi chombo chake cha kupokea marekebisho.

Makosa hayo yalijulikana duniani kote, na yakarekebishwa. Lakini mtunzi mdogo, anayefanya kazi peke yake, nani atamsikia? Wateja wakiona neno "kirusi" humdhania kuwa mwizi, wakamkimbia. Inambidi aliandikie kila kampuni ya ulinzi, nayo makampuni hayo ni mengi, akieleza kwamba kazi yake ni safi. Siku hizo hazilipwi na mtu. Akisafishwa leo, kesho akitoa toleo jipya huenda akakamatwa tena, kwa maana kwa mlinzi toleo jipya ni faili geni. Akitaka kuaminiwa huambiwa anunue cheti cha kutia sahihi programu zake, na cheti hicho kina muda wake, kikiisha hununuliwa kingine. Hata anayegawa programu zake bure hutakiwa kulipa.

Hatusemi walinzi waondolewe. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilizifungia kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Mwizi yupo. Tunalosema ni kwamba gharama ya kosa la mlinzi haifai kubebwa na aliyesingiziwa.

Sisi wafanyakazi tunaijua haki hiyo. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema mfanyakazi asifukuzwe kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Basi na mtunzi wa programu aelezwe sababu ya kushutumiwa, awe na mahali pa kulalamika, ajibiwe upesi, na faili lake lisifutwe kabla mwenye kompyuta hajaulizwa.

Nasi tulio viwandani na mashambani tuna wajibu wetu. Kompyuta ya ofisi ikipiga kelele kwamba kuna kirusi, tusimzime mlinzi, wala tusikimbilie kumlaumu karani kuwa ndiye aliyekileta. Faili liwekwe kando, likaguliwe na walinzi wengine zaidi ya mmoja, na mtunzi wake aulizwe. Kushutumiwa si kuhukumiwa, awe ni mtu au kazi ya mikono yake.