Freni mpya, pedali laini: tafuteni hewa kwanza

Wandugu wanakoperative, gari yetu ya kubeba viazi huku Lubero tuliiwekea freni za mbele kubwa kuliko za zamani, juu ya mizigo na milima. Siku ya kuichukua garajini, pedali ikaingia paka chini, laini kama sifongo. Fundi akasema itazoea yenyewe. Hapana! Gari ya hivyo haipakiwi hata gunia moja.

Tulijaribu hivi. Motere ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nyingi, haraka haraka. Kama inapanda, mara nyingi hewa imebaki ndani, ao freni za nyuma ziko mbali na ngoma, zinaomba kukazwa. Kama unaikanyaga bila kuachilia nayo inashuka pole pole, mafuta yanavuja inje, ao pompe kubwa ya freni imechoka ndani.

Yetu ilipanda. Kuchungulia magurudumu: etriye ya kuume imefungwa kushoto, ya kushoto iko kuume! Vise za kutolea hewa zikaangalia chini, na hewa inakaaka juu. Ungetoa mafuta siku nzima, yenyewe inabaki.

Fundi akarudisha kila moja upande wake. Tukatoa hewa upya, tukianza na gurudumu lililo mbali na pompe, bila kuacha kikopo kikauke. Tulitumia DOT 4 ya chupa mpya, maana mafuta ya freni yananyonya maji ya hewani. Ya motere usitie hata tone, yanavimbisha mipira.

Pedali ikasimama juu. Tuliijaribu uwanjani bila mzigo, ndipo mteremkoni.